Korongo wa Bwawa la Baba Mkwe

Asubuhi moja ya ujana wangu, mwanangu Kwamboka, naikumbuka vizuri kuliko asubuhi ya harusi yangu. Ya harusi nilikuwa nimefunikwa shela na machozi, sikuona kitu. Ile ya bwawani niliona kila kitu, hata nisichopaswa kuona. Nakusimulia leo kwa sababu jana nilikuwa dirishani nikakuona ukimtupia korongo kiatu, kisha ukamtupia cha pili, kisha ukaingia bwawani kuvitafuta vyote viwili.

Usione haya. Wewe ni mke wa mwanangu, na katika boma hili si wewe wa kwanza kulowa kwa sababu ya korongo. Endelea kumenya ndizi zako polepole, unisikilize.

Nilipoletwa hapa Nyansiongo nikiwa bibi arusi, shamba hili lilikuwa la Mzee Nyangau, babu ya mumeo. Alikuwa na chai upande wa juu, mahindi na ng'ombe wa maziwa katikati, na kule chini kwenye chemchemi palikuwa na kipande kilichokataa kila kitu isipokuwa vyura. Mzee akaamua kuchimba bwawa la samaki hapo. Majirani wakamcheka. Wakamwambia, "Nyangau, samaki ni wa watu wa ziwani. Sisi ni watu wa ndizi." Lakini Mzee hakuwa mtu wa kushauriwa. Alikuwa mrefu, mwembamba, mzee wa kanisa, mwenye sauti ambayo hata ng'ombe wa jirani waliitii. Akachimba, akajaza maji, akaleta vifaranga vya ngege kutoka mbali, akavimwaga humo huku akiviombea kwa sauti.

Angeishia hapo, pasingekuwa na hadithi. Lakini Sabato moja alisimama mbele ya kanisa akatangaza kwamba mwaka huo wageni wa makambi, ile mikutano mikubwa ya kanisa ya kila mwaka, watakula samaki wa bwawa lake. Ngege, alisema, samaki mwenye magamba, asiye na lawama katika Maandiko. Kanisa lote likasema amina. Mama mkwe wangu peke yake alinyamaza, kwa sababu alijua ni nani atakayewapika.

Korongo alikuja wiki hiyo hiyo. Nadhani naye alisikia tangazo.

Alikuwa wa kijivu, shingo ndefu, miguu kama sindano za kufumia. Mwanzoni Mzee alimfurahia. Alisema ndege mzuri namna ile kutua kwa mtu ni dalili ya baraka. Baada ya majuma machache baraka ile ilikuwa imenenepa hata ikawa inapata taabu kuruka, na bwawani, ukirusha pumba, midomo iliyojitokeza juu ilikuwa michache ya kutia huruma.

Hapo Mzee akatangaza vita. Alifunga mikebe kwenye kamba ili upepo uigonganishe. Korongo akaizoea, akawa anakula huku anapigiwa muziki. Akamfunga mbwa kando ya bwawa. Mbwa na korongo wakawa marafiki, na siku moja mama mkwe alimkuta mbwa anatafuna ngege aliyeangushiwa. Mwishowe Mzee akatengeneza sanamu ya mtu. Alipigilia miti miwili kwa umbo la msalaba, akaivika koti lake la mvua la kuchumia chai, suruali yake kuukuu na mabuti yake ya mpira, akashindilia majani makavu ya mgomba ndani. Kichwa kilikuwa gunia dogo lenye matundu mawili ya macho, na juu yake akaiweka kofia yake ya pama. Mama mkwe akaliita Mgeni, kwa kuwa, alisema, ndiye mgeni pekee aliyewahi kufika katika boma hili bila kuuliza chakula kitakuwa tayari lini.

Sasa hapa nikueleze jambo, maana nyinyi wa siku hizi mnatumiana picha na wakwe zenu kwenye simu. Sisi tuliishi kwa chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya baina ya mke na baba wa mumewe. Sikumpa Mzee mkono. Sikuketi alipoketi. Nikikutana naye njiani, mimi ndiye niliyeingia kwenye majani ili apite, na kama nilikuwa na neno, lilipitia kwa mume wangu au kwa mama mkwe, na mara nyingi lilifia huko huko njiani. Kwa hiyo fikiria siku ya kwanza nilipoteremka na ndoo, nikamwona baba mkwe amesimama kando ya bwawa, mikono ameinyoosha, hasogei. Nikajificha kwenye migomba nikingoja aondoke. Nikangoja. Jua likapanda. Nikaanza kufikiri kwamba Mzee anaomba, na kwamba dhambi zake lazima ni nyingi kuliko nilivyodhani. Mama mkwe alikuja kunitafuta kwa hasira ya kukosa maji, na aliponiona nimechuchumaa pale, na kuona ninachokitazama, alicheka mpaka akakaa chini.

Baada ya siku ile nilimzoea Mgeni. Nikawa namwamkia: "Bwakire, Tata." Kisha nikaanza kumweleza habari. Mwanangu, msichana aliyetoka kwao akaingia boma la watu ana maneno mengi na hana pa kuyaweka. Baba yangu mzazi alikufa ningali mdogo, kwa hiyo hata kule kwetu sikuwa na wa kumwita Tata. Huyu wa majani alikuwa na koti la baba mkwe na kofia ya baba mkwe, lakini hakuwa na sauti ya baba mkwe. Alinifaa sana. Nilipofua nguo chemchemini nilizianika kwenye mikono yake, nikawa nafua na kuongea, nafua na kuongea.

Korongo naye alimzoea. Alimwogopa siku chache, kisha akaja akatua juu ya ile kofia ya pama, akakunja shingo, akawa anachagua samaki kama mtu anayechagua nyanya sokoni Keroka. Mzee alimwona kutoka kwenye chai. Nasikia alitupa kikapu chini akasema maneno ambayo mzee wa kanisa huyasema akiwa shambani tu.

Na mimi, kwa kushinda pale chemchemini, nilikuwa nimeona jambo. Yule ndege hakuwa anavamia samaki kutoka angani kama tulivyodhani sote. Akishatazama, alishuka nyuma kwenye majani marefu, akaja kwa miguu polepole, kama shemasi anayekusanya sadaka, mpaka ule upande ambao Mzee alikuwa ameuteremsha kidogo kidogo ili aweze kuingia majini bila kuteleza. Hapo maji yalimfika magotini tu. Alisimama humo, akala kwa raha zake. Upande wa pili, kwenye ukingo uliokatika wima, sikumwona hata mara moja. Nikamwambia mume wangu, Onchiri. Akanitazama kana kwamba nimemtuma akakamue fahali.

"Nani atamwambia Mzee kwamba bwawa lake limechimbwa vibaya?" akaniuliza.

"Wewe ni mwanawe."

"Ndiyo maana nataka kuendelea kuishi."

Neno likafia hapo.

Sasa sikia yaliyokuja. Jumapili moja, makambi yakikaribia, Mzee aliamka na shauri lake, na hakumwambia mtu ila mke wake. Aliteremka bwawani, akamng'oa Mgeni, akamlaza kwenye majani ya ng'ombe. Akavaa lile koti, ile suruali na yale mabuti. Akavaa gunia kichwani na kofia juu yake. Akasimama pale pale, akanyoosha mikono. Nia yake ilikuwa korongo atue kichwani kama kawaida, naye amkamate miguu, na vita viishe siku hiyo.

Wewe unajua hayo. Mimi sikuyajua. Mimi niliteremka na beseni la pumba na furushi la nguo za kufua.

"Bwakire, Tata," nikamwambia. "Leo umenenepa. Wamekuongezea majani?"

Hakujibu, na mimi sikutarajia ajibu. Nikafua leso, nikaikamua, nikaianika kwenye mkono wake wa kulia. Nikafua shuka la kitanda chetu, lile zito la pamba, nikalitupia mkono wa kushoto. Mkono ukashuka kidogo. Nikausukuma juu. Nikajisemea kwamba huu mti umeanza kuoza, inafaa Onchiri aubadilishe.

Kisha nikaanza mazungumzo. Nilianza na chai. Nikamwambia anaipenda tamu mno, kwamba sukari ya boma zima inaishia kwenye kikombe chake halafu anauliza imeenda wapi. Nikaingia kwenye maombi yake ya jioni, kwamba uji unapoa na Mungu amekwisha sikia. Nikamwigia anavyokohoa kabla ya kusema "Naam." Nilimwigia vizuri, mwanangu, nilikuwa na kipaji. Halafu nikafika kwenye bwawa.

"Na huyu korongo unamkaribisha mwenyewe, Tata. Umemtengenezea mlango, upande huu wa kina kifupi. Anaingia kwa miguu kama mtu wa nyumbani. Ungekata ukingo huu wima, ukafyeka yale majani anamojificha, angekosa pa kusimama. Lakini nani akuambie? Mwanao anakuogopa. Mama amechoka kukuambia. Mimi siruhusiwi. Masikio unayo makubwa, lakini nadhani ulipewa kwa ajili ya kuzuia kofia isishuke."

Nikacheka mwenyewe. Kisha sijui ni kitu gani kilinipata, labda ni ule upweke wa asubuhi, nikakaa kwenye jiwe, sauti ikanibadilika.

"Nasema hivi kwa sababu naogopa," nikamwambia. "Wageni watakuja, watakuta bwawa tupu, watakucheka. Sitaki wakucheke. Sina baba mwingine wa kumwonea uchungu."

Nikadhani nimesikia Mgeni akivuta makamasi, nikasema ni chura.

Ndipo korongo akaja. Nilisikia mabawa, nikajikunyata nyuma ya jiwe. Alizunguka mara moja, akashusha miguu, akatua juu ya kofia ya pama. Sasa, Mzee alikuwa ameingoja saa hiyo tangu alfajiri. Lakini mikono ya kukamatia ilikuwa imebeba nguo zangu mbichi, na nadhani ilikuwa imekufa ganzi, maana ilitikisika tu bila kupanda. Korongo akatengeneza manyoya yake. Akajisaidia, na ule weupe ukateremka polepole begani mwa koti. Mzee akavumilia. Kisha ndege akainama, akapindua shingo ile ndefu, akaweka jicho lake moja mbele ya tundu la gunia, kuona kuna nini ndani.

"Uuuwi!" akapiga kelele Mgeni.

Mwanangu, mimi nimesikia tarumbeta za kwaya, nimesikia radi ikipasua mkaratusi, lakini sijasikia kitu kama kile. Korongo aliruka na kofia mguuni. Mgeni akarusha mikono kumkamata, shuka likamfunika, akapiga hatua moja kwenye ule upande wa kina kifupi, utelezi ukamchukua, akaenda majini mzima mzima. Mimi niliamini shetani ameingia kwenye majani ya mgomba. Nikalishika beseni, nikamtupia pumba zote, kisha beseni lenyewe, huku nikimkemea kwa jina la Yesu. Ngege waliobaki, masikini, walidhani ni wakati wa chakula, wakaja wakamzunguka.

Akasimama. Gunia likateleza. Chini yake nikaona uso wa baba mkwe, pumba kwenye nyusi, ananitazama.

Nilikimbia. Sikupita nyumbani, sikuchukua hata viatu. Nilikata katikati ya chai ya watu mpaka barabarani, nikafika Keroka kwa shangazi yangu nikiwa na povu la sabuni mikononi. Nilimweleza yote nikilia. Nilijua ndoa imekwisha. Nimemwanikia baba mkwe shuka la kitanda changu, nimemwigia kukohoa, nimemtupia beseni. Hakuna chinsoni iliyobaki pale hata ya kuombea msamaha.

Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, amefunika mdomo kwa kitambaa. Akauliza jambo moja tu: "Hayo ya masikio, ulimwambia kabla ya korongo au baadaye?"

"Kabla."

Akaingia chumbani akafunga mlango, nikamsikia akicheka ndani ya mto.

Nililala kwake nikiwa siwezi kula. Kesho yake mama mkwe akafika, amevaa nguo zake za Sabato siku ya Jumatatu. Nikapiga magoti. Akaniinua.

"Mzee amenituma," akasema, uso wake mkavu kabisa. "Anasema anashangaa mke wa mwanawe ameenda wapi. Anasema jana yeye alishinda kitandani na mafua, hakutoka hata mlangoni. Lakini Mgeni amemletea habari za bwawani, na anataka watu wote wa boma wawepo azieleze."

"Mama, alikuwa yeye. Nilimwona."

"Ulimwona mtu aliyekuwa kitandani na mafua?" akanitazama sana. "Vaa viatu vya shangazi yako, twende."

Nikarudi. Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti chake nje ya nyumba, ametugeuzia bega kama ilivyotakiwa, anamsemesha mkewe ili mimi nisikie. Akakohoa kabla ya kuanza, kisha akajikumbuka, akakatisha kikohozi katikati. Mama mkwe aliinama ghafla kuokota kitu ambacho hakikuwepo.

"Mama Onchiri," akasema, "yule Mgeni wetu ni mtu wa maana kuliko nilivyodhani. Ameniambia korongo anaingia kwa miguu, kwa upande ule wa chini. Nimeenda kutazama, nimeona nyayo zake. Ni kweli. Ameniambia pia mambo ya sukari, na ya uji kupoa." Akajishika sikio. "Kuna mengine juu ya masikio. Hayo nimeyaweka. Na kuna neno moja la mwisho aliniambia, ambalo sijaambiwa hata na watoto niliowazaa. Kwa sababu ya neno hilo, ninataka ijulikane kwamba katika boma hili Mgeni asizuiwe kusema."

Onchiri akanigeukia, macho yamemtoka. "Lile sanamu limesema?" akaninong'oneza. Nilimweleza baada ya miaka mingi. Alikasirika kwamba nilimwanikia Mzee shuka letu.

Juma hilo tulifanya kazi. Ukingo ulikatwa wima, maji yakawa ya kumfika mtu kifuani. Majani marefu yakafyekwa pande zote. Tukavuta kamba nyembamba juu ya maji kutoka ukingo hadi ukingo, zikapishana, na chini tukazamisha vyungu vilivyovunjika ili samaki wapate pa kujificha. Korongo alirudi. Akasimama ukingoni, akatazama chini kama mtu aliyefika dukani akakuta wamefunga. Alijaribu kutua majini, kamba ikamgusa bawa, akaondoka kwa hasira. Baadaye alikuja fisi maji, mwizi wa namna nyingine, huyo tukamzibia kwa ua wa mabati. Lakini huyo Mzee alimgundua mwenyewe, kwa kuchuchumaa na kutazama nyayo, bila kuvaa gunia.

Makambi yakafika. Samaki walikuwa wadogo, sikudanganyi, miiba mingi kuliko nyama, na kwaya ya wageni iliimba alasiri hiyo kwa tahadhari kubwa. Lakini kila mgeni alipata wake sahanini. Mzee alipita kati ya meza kama mfalme. Alipofika karibu na jiko nilipokuwa nikikaanga, akasimama mbali kidogo, akauambia ukuta, "Samaki ni watamu. Mpishi aambiwe." Ukuta ukaniambia.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii. Kabla hujamtupia korongo chochote, amka mapema, kaa kimya, umtazame anapita wapi. Ukishajua, mnyime pa kusimama: kata ukingo wako uwe wima, fyeka nyasi, vuta kamba au wavu juu ya maji, uwape samaki pa kujificha chini. Na ile sumu ambayo jirani alikushauri, usiilete hapa. Sumu haijui korongo na mtoto, haijui ndege na paka wako. Yule ndege hana kinyongo nawe. Ana njaa, na wewe umemwandalia meza.

La pili ni kubwa kuliko hilo. Ukiwa na neno juu yangu, juu ya chumvi yangu, juu ya ninavyomlea mjukuu, juu ya chochote, usiliache likuchachie moyoni wala usilipeleke kwa majirani. Niletee mimi. Nitanuna, labda jioni nzima, maana na mimi nimezeeka na nimeanza kupenda sauti yangu. Lakini nitarudi. Na siku nawe utakapokuwa na mke wa mwanao jikoni, muulize anaona nini, kisha unyamaze umpe nafasi ya kujibu.

Mungu akuzidishie macho ya kuona na subira ya kutazama. Mikono yako isikose cha kuwapa watu wanaokuja kwako. Maji yako yasikauke kiangazi, wanao wakue wakikuita kwa furaha, na mimi na wewe atuzeeshe katika boma hili tukicheka. Amina. Haya, lete hizo ndizi, maji yamechemka.